Mwaka Tuliomfufua Joni

Mzee Salum alizikwa Makambako siku ya upepo mkali. Sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba tulikula wali huku tumefunika sahani kwa khanga, vumbi lisije likatuwahi. Upande wa pili wa ukuta wanaume walikuwa wakimsifu marehemu kwa yale maneno ya siku zote: mpole, mkarimu, mtu wa watu. Mimi niliyewahi kufanya naye kazi najua alikuwa mbishi na mwenye haraka, na nilimpenda hivyo hivyo. Kisha sauti moja yenye kikohozi ikasema, "Huyu ndiye aliyemfufua Joni," na wazee wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kubana midomo. Kijana mmoja akauliza Joni ni nani, wala hakujibiwa. Niliitambua ile sauti. Ilikuwa ya Daudi, na ilikuwa imezeeka. Niliiweka sahani chini, hamu ya kula imeniisha, kwa sababu kila ninapomkumbuka Joni huwa sianzi kwa kucheka. Huwa naanza kwa kuogopa.

Ulikuwa mwaka wa mwanzomwanzo wa soko huria, wakati vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa kujuana vilianza kuanikwa barabarani kila mwenye macho avione: redio, viatu vya mitumba, sabuni za kunukia, saa za plastiki. Nilikuwa sijafika miaka ishirini. Nilishona nguo kwenye kibaraza pale sokoni Njombe, na nilipanga chumba kwa mama mmoja Mngoni wa Songea aliyeolewa Ubena na kubaki mjane. Watu walimwita Mama Gaude, kwa jina la mwanawe mkubwa, Gaudensi, aliyekufa mwaka uliotangulia akipasua mbao porini. Jina la mtoto aliyekufa liliendelea kuitwa kila siku, sokoni, kanisani, mlangoni, naye aliitika. Chumba changu na sebule yao vilitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi usiofika kwenye bati, kwa hiyo moshi wa jiko lao ulikuwa moshi wangu na maneno yao yalikuwa maneno yangu, nitake nisitake. Asubuhi za baridi Mama Gaude alichemsha viazi kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya wapakiaji wa magari ya mbao, na kabla ya kwenda kuuza aligonga ukuta kwa mwiko. Maana yake nikachukue vyangu na chai ya tangawizi kabla havijapoa. Sikuwahi kuambiwa nilipe. Nilikuwa mpangaji kwa jina tu.

Mwanawe aliyebaki ndiye Daudi, seremala, mrefu, mcheshi nje na mkimya ndani ya nyumba. Tangu kaka yake azikwe, mama yake alikuwa amemzungushia uzio usioonekana. Porini kupasua mbao asiende. Kwenye magari ya Songea asipande. Akichelewa kurudi, mama alisimama mlangoni na kitenge kichwani, baridi yote ile, hadi amwone anakata kona. Nilimhurumia mama, lakini kusema kweli nilimhurumia Daudi zaidi. Mtu mzima mwenye ndevu, na jioni anaulizwa amekula nini mchana.

Mzee Salum alikuwa mfanyabiashara wa Kondoa aliyehamia Makambako kwa sababu barabara za kila upande hupita pale. Alikuwa na ukumbi wa video karibu na stesheni, wenye madawati ya mbao, deki moja na jenereta lililokohoa nyuma ya ukuta. Kanda iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya zamani, ya wanafunzi wa ng'ambo. Ganda lake lilikuwa limepotea, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua jina lake la kweli, nasi tuliiita Ya Wanafunzi. Kulikuwa na kijana anaitwa Joni, msichana wake, walimu wenye roho mbaya, na kucheza dansi hata pasipo na sababu. Mwishoni Joni anaugua na kufa siku moja kabla ya mahafali, na msichana anacheza peke yake kwenye ukumbi mtupu. Tuliitazama hadi picha ikaanza kufanya theluji, chenga tupu, na kila mara watu wazima walitoka wakijifuta macho na kumuuliza Mzee Salum sehemu ya pili inakuja lini. Sehemu ya pili haikuwepo. Mtu amekufa, sehemu ya pili ya nini? Lakini watu wa Makambako hawakukubali kuwa Joni amekufa hivi hivi.

Siku moja Mzee Salum alikuja Njombe kununua mbao za madawati, akatukuta mimi na Daudi kwenye karakana ya useremala tukiigiza Ya Wanafunzi kwa mzaha, mimi nikiimba na yeye akigonga randa kwenye meza. Alisimama akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, sehemu ya pili ndiyo hii. Itengenezeni ninyi. Iwe ya kuchekesha, iwe na nyimbo, mimi nitatoa ukumbi." Ndivyo ilivyoanza. Tulikusanya wanakwaya wachache, mpiga gitaa mmoja na fundi baiskeli mmoja wa Mdandu aliyejua kuchekesha. Tukafanya mazoezi jioni ndani ya ghala la ushirika ambalo siku hizo lilikuwa tupu, halina hata gunia. Hadithi yetu ilikuwa hivi: Joni yuko kwenye jeneza, wafiwa wanalia, mara wanaingia watani wa marehemu na kuuvuruga msiba kiasi kwamba Joni anakasirika na kuamka. Anarudi shuleni, mwalimu mkuu anamwambia arudie darasa kwa sababu hakufanya mtihani. Mimi ndiye msichana wake, na wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na kiitikio ambacho watoto wa Njombe walikishika kabla hata hatujamaliza mazoezi:

Amka Joni, amka,
mwalimu anaita majina,
ukisema hupo
nani atasema yupo?

Tulicheka sana mwezi ule. Sijui kama kuna mwezi mwingine nimecheka vile. Ile sehemu ya watani ndiyo iliyotupendeza zaidi, kwa sababu kila mtu kwetu anajua mambo yao. Sisi Wabena tumetaniana na Wangoni tangu enzi za vita vyao na wazee wetu. Msibani mtani haji kulia. Anamtukana marehemu, anamwita mvivu, anaiba mboga jikoni, anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu. Fundi baiskeli alivaa kofia ya manyoya ya mbuzi akajifanya Mngoni, na alivyojua kuigiza, tulijishika mbavu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwa tumekosea kitu.

Jeneza alilitengeneza Daudi mwenyewe, kwa mbao za msindano, jepesi la kubebeka jukwaani. Karakana ilikuwa imejaa siku ile, akalileta nyumbani kulipaka vanishi uani. Mchana nikiwa nimerudi kuchukua uzi nilimkuta amelala ndani yake, mikono kifuani, anapima kama miguu inatosha. Nikamwambia amekuwa maiti nzuri. Akacheka amefumba macho. Lango likalia, na Mama Gaude akaingia na sufuria tupu kichwani.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliitua sufuria taratibu, akalitazama jeneza, akamtazama mwanawe akiinuka humo na vumbi la mbao kwenye nywele, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo sijalisahau. Akaingia ndani akafunga mlango. Nilibaki na uzi mkononi. Daudi alifunika jeneza kwa turubai, akasema kwa sauti ndogo, "Atazoea." Nilijua hatazoea. Na yeye alijua.

Jioni ile nilijifungia chumbani na kula ugali wangu kwa dagaa bila hata kuwasha taa, nikiwa nimekaa kitandani karibu na ukuta. Nilisikia sahani zikiwekwa mezani kwao. Nilisikia maji ya kunawa yakimiminwa. Kisha Mama Gaude akauliza, kwa upole kabisa, nani ataigiza mtani.

"Fundi baiskeli," Daudi alisema.

"Mtoto wa wapi?"

"Wa Mdandu, mama."

"Mbena."

"Ndiyo. Lakini ni mchezo."

"Mbena amtanie Mbena msibani. Umeyaona wapi hayo?" Kijiko kiligonga sahani. "Mtani akilala kaburini kifo kinaona aibu, kinaondoka. Msiba usio na mtani unakiita kije kikae. Kaka yako alizikwa njia ya Songea imekatika kwa mvua, ndugu zangu hawakufika hata mmoja. Watu walisimama pale wamenyamaza kama wako benki. Hakuna aliyemtukana mwanangu. Hakuna. Nimekaa mwaka mzima nasikia ule ukimya, na leo wewe unaniletea sanduku lako ndani ya ua wangu, umejipima mwenyewe."

"Mama, nimechoka kulindwa," Daudi alisema. "Kila ninachotaka kufanya, Gaude amenitangulia kufa. Hiki ni changu. Nimekitengeneza mimi, watu wanakipenda. Sikiachi."

Nilishika mdomo nisije nikakohoa kwa ule moshi.

"Sawa," Mama Gaude alisema mwishowe. "Wewe ni mtu mzima. Lakini siku utakayolala humo mbele za watu, radhi yangu utaiacha humo humo."

Msomaji aliyezaliwa mbali na sisi anaweza kudhani hayo ni maneno ya hasira tu. Si hivyo. Kwetu mtu anaweza kugombana na mama yake na maisha yakaendelea, lakini mtu aliyenyimwa radhi na mama watu humtazama wakisubiri. Ng'ombe wake akifa wanasema ni lile neno. Mke akikosa mtoto ni lile neno. Hata mchungaji hawezi kuliondoa. Analiondoa aliyelisema, na akifa kabla hajaliondoa basi. Nilikuwa nimekaa pale gizani na ugali umepoa, nikijua kwamba kijana yule wa upande wa pili anachagua kati ya vitu viwili ambavyo vyote ni haki yake, na kwamba hatafuti ushauri wangu.

Siku zilizofuata nyumba ile haikukalika. Mama Gaude aliendelea kugonga ukuta kwa mwiko asubuhi, viazi vilikuwa vile vile, chai ile ile, lakini alinipa bila kunitazama. Na Daudi naye mama yake alimwekea chakula, akakaa naye hadi amalize, halafu akaondoka. Walikuwa wanaongea kuhusu kuni na bei ya chumvi. Mazoezini Daudi alikuwa anaimba vizuri kuliko wakati wowote, na kila alipofika kwenye ile sehemu ya jeneza alisema turuke, tutaifanya siku yenyewe. Nilimfuata Mzee Salum alipokuja kutuona, nikamweleza yote, nikitumaini ataahirisha. Alivua kofia yake akaikunjakunja. "Binti yangu," alisema, "mimi mama yangu alifariki niko safarini. Sijui aliniachia nini. Mwambie huyo kijana asilale humo. Nitaweka gunia la mchele tulifunike shuka." Nilimpelekea Daudi ujumbe huo. Alitikisa kichwa. "Joni akiwa gunia la mchele, nani atasadiki ameamka?" Nilimwona mpumbavu, na nilimwona yuko sahihi, na hasira yangu ilikuwa juu yao wote wawili.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana baada ya ibada. Makambako upepo ulikuwa unapuliza tangu asubuhi, mabati ya ukumbi yakipigapiga, na watu walijaa mpaka wengine wakaning'inia madirishani. Waliokuja walikuwa wachuuzi, madereva, wanafunzi wa kweli na sare zao, wazee wa msikitini waliokaa nyuma karibu na Mzee Salum. Nyuma ya pazia, ambalo lilikuwa mashuka niliyoyaunga kwa cherehani yangu, Daudi alivaa shati jeupe na tai. Nilimwambia, "Bado unaweza kuacha." Akasema, "Yusta, nikiacha leo nitamchukia mama yangu maisha yangu yote. Afadhali yeye anichukie mimi." Akaingia kwenye jeneza, akalala, akafumba macho. Fundi baiskeli alinikonyeza, hakujua lolote.

Pazia likavutwa. Ukumbi ulipoona jeneza ulicheka hapo hapo, halafu ukatulia, kwa sababu wengi walikuwa wamelia kwa ajili ya Joni humo humo ndani. Nikapiga magoti nikaanza wimbo wangu. Nilipofika kwenye "nani atasema yupo" nilinyanyua macho, na pale kati ya madawati, kwenye njia ndogo, nikamwona Mama Gaude. Alikuwa amekuja peke yake, kwa gari gani sijui, amevaa kitenge cha msibani, kile cheusi, na amejifunga kibwebwe. Sauti ilinikatika. Fundi baiskeli alidhani nimesahau maneno, akaruka jukwaani na kofia yake ya manyoya akianza utani wake. Mama Gaude alipanda nyuma yake, akamshika bega, akamvua ile kofia akaivaa yeye.

"Wewe Mbena, kaa pembeni," alisema. "Mtani ndiye mimi."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Walifikiri ni sehemu ya mchezo. Mimi niliyekuwa karibu niliona kidevu chake kinavyotetemeka, na niliona mkono wa Daudi umekaza kwenye ubao wa jeneza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nilijua anasubiri neno. Nami nilisubiri. Alikuwa amelala humo mbele za watu, kama alivyokatazwa, na aliyekataza amefika.

Mama Gaude alilipiga teke jeneza. "Nani kakuruhusu kufa?" aliuliza kwa sauti ya sokoni. "Mvivu mkubwa wewe. Wabena mmezidi uvivu, hata kufa mnafia mahali pazuri. Shamba la viazi umelipalilia? Bati linalovuja umeliziba? Unalala kwenye mbao za watu na viatu. Toka."

Watu walikuwa wanapiga madawati kwa kucheka. Daudi akafungua macho. Akainuka taratibu, akatoka, akasimama mbele ya mama yake na tai imekwenda upande. Hapo ndipo ilipaswa mpiga gitaa aanze wimbo wa kufufuka. Hakuanza, maana Mama Gaude alikuwa amekunja kitenge chake, ameingia mwenyewe ndani ya jeneza na kujilaza.

"Sasa fungeni," alisema.

Kicheko kiliendelea kidogo, kikapungua, kikaisha. Kilianza kuisha kwa wale wazee wa nyuma, sijui walijuaje. Upepo ulisikika kwenye mabati. Daudi alipiga magoti kando ya jeneza.

"Mama, toka."

"Mtani hatoki bure. Nikomboeni."

Mzee Salum alisimama kule nyuma, akapenya katikati ya watu hadi jukwaani na noti mkononi. Mama Gaude hakumtazama. "Mzee, wewe si mfiwa. Mfiwa ni huyu." Daudi akavua tai, akaiweka kifuani kwa mama yake. Mama aliirudisha. Akavua shati jeupe, akabaki na fulana katika ile baridi. Alilirudisha pia. Nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili na nilikuwa nalia waziwazi, wala sijali kama ni mchezo au si mchezo.

"Sina kingine, mama," Daudi alisema. "Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

Daudi aliinamisha kichwa. Nilimwona akifikiri, na niliona usoni mwake pale alipoelewa. Aliuinamia uso wa mama yake, na akasema bila kuigiza, lakini ukumbi ule mzima ulisikia.

"Nitakuzika mimi. Wewe hutanizika."

Mama Gaude alifumba macho. Machozi yaliteremka upande, yakaingia masikioni. "Umesema mbele za watu," alisema.

"Nimesema."

"Basi nimekombolewa. Radhi yangu unayo, sijaiacha humu. Nipe mkono, mgongo unauma, mbao zako hukuzipiga msasa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Mpiga gitaa akazinduka, akaanza wimbo usio wake. Daudi alimwinua mama yake, lakini Mama Gaude hakushuka jukwaani. Alikaa kwenye ukingo wa jeneza na ile kofia ya manyoya kichwani, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanigeukia mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti nimelowa machozi.

"Na wewe," alisema, "ule wimbo umeuimba kama unadai kodi. Anza tena. Huyu ni mchumba wako, amefufuka."

Nikaanza tena.